Siku moja maishani mwangu: deki ya boti ya uvuvi New Jersey, Marekani, baridi ikianza kuachia

Saa 10:15 alfajiri. Gati la Belmar bado ni giza na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 2 chini ya sifuri, ingawa kalenda inasema Aprili. Kazi ya kwanza si samaki, ni ubao wa kupandia. Umande ulioganda juu ya mbao hauonekani kwa tochi, na wateja wetu wengi ni wazee. Namwaga chumvi ya mawe, nasubiri dakika kumi, nafagia. Maji ya bomba hayaguswi saa hii. Ukiyamwaga yanaganda, na umejitengenezea kioo cha kutelezea.

Kwa asiyejua: hii ni boti ambayo kila mtu hulipia kichwa chake, akapewa nafasi ukingoni, chambo, na fimbo ya kukodi kama hana yake. Hatuuzi samaki. Tunauza nafasi ya kuvua, na mteja aliyerudi mikono mitupu mara mbili harudi ya tatu.

Saa 10:30. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, nami naanzia huko huko, chini kabisa ya boti. Baridi kali huacha madhara yake mahali pasipotazamwa. Matone yanayopenya kwenye shafti ni ya kawaida. Maji mengi kuliko jana maana yake kuna hose iliyopasuka, au kibano kilicholegea kwa kuganda na kuyeyuka miezi mitatu mfululizo. Nafungua chujio la maji ya bahari, natoa nyasi, nalifunga, ndipo nafungua vali. Kisha dipstiki za injini zote mbili na maji ya rejeta.

Nahodha akiwasha, mimi nimeshafika tezi, yaani nyuma, natazama bomba la moshi. Yasipotoka maji pamoja na moshi ndani ya nusu dakika, injini izimwe. Mara nyingi mkosaji ni impela, ile feni ndogo ya mpira ndani ya pampu. Imekaa majira yote ya baridi ikiwa imekunjwa mahali pamoja, imekakamaa, na ikizunguka kavu mabawa yake hukatika. Kubadilisha impela gatini ni kazi fupi. Kutafuta vipande vyake ndani ya mabomba, boti ikiwa baharini na abiria wamekukodolea macho, ni adhabu.

Saa 11:15. Chambo. Tunamfuata tautogi, samaki mweusi mnene wa mawe na meli zilizozama, jamaa wa karibu wa pono wetu. Ana meno ya mbele ya kung'olea na mengine kooni ya kusaga magamba. Wakati wa vuli hakuna chambo kinachomshinda kaa wa kijani, lakini maji yakiwa nyuzi 6 au 7 anakula kivivu, na kitu laini kinamfaa zaidi. Ndiyo maana asubuhi hii kuna ndoo mbili za kombe kwa kila ndoo moja ya kaa. Kombe nawatoa kwenye magamba na kuwatia chumvi kidogo ili nyama ikaze na kushika ndoana. Kaa nang'oa miguu na gamba la juu, nawakata vipande viwili kwa mkasi. Mguu ulipong'olewa hubaki tundu, na ndoana hupitia hapo.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie kombe mwaka mzima. Wezi. Kiangazi samaki wadogo wa mawe wanamaliza kombe kabla chubwi, ile risasi ya kuzamisha uzi, halijatulia. Katika maji haya baadhi yao bado wamelala miambani, na wengine hawajarudi kutoka kwenye kina kirefu cha mbali. Dirisha hilo hudumu wiki chache tu.

Fimbo za kukodi nazifunga hivi: uzi wa kusuka wa ratili 40 kwenye rili, kipande cha nailoni cha ratili 50 mbele yake, ndoana moja namba 4/0 yenye kigwe kifupi cha kama sentimita 15, na chubwi la gramu 170 hadi 225 kutegemea mkondo. Chubwi nalifunga kwa uzi dhaifu kuliko mwingine wote. Likinasa kwenye chuma, ukivuta linakatika peke yake na ndoana inarudi. Anayefunga kila kitu kwa uzi mmoja atapoteza mtego mzima kila mara.

Saa 12:30 asubuhi. Abiria wanapanda. Kona za tezi huwahiwa kwanza, na wazoefu wamelala kwenye magari yao ili wazipate. Vichwa vinahesabiwa na idadi inaachwa nchi kavu. Nahodha anaeleza majaketi ya kuokolea yako wapi na mtu akianguka nini kifanyike. Msimu huu sifanyi mzaha na maelezo hayo. Bahari ya nyuzi 6 humkata mtu pumzi mara tu anapoingia, na mikono hupoteza nguvu ndani ya dakika chache. Ukingoni natazama nani amevaa pamba tupu, namwelekeza chumbani kwenye hita.

Saa 1:15. Tunapita chini ya madaraja ya Shark River, likiwemo la reli. Kwenye mlango wa bahari nahodha anapunguza mwendo. Dhoruba za baridi huhamisha mchanga, barafu huburuta maboya, na njia iliyohifadhiwa kwenye GPS tangu Novemba si ya kuaminiwa. Maji yakiwa yanapwa huku mawimbi yanatoka mashariki, mawimbi ya mlango huo hupanda wima.

Saa 2:30. Hapa ndipo siku inapoamuliwa. Baada ya baridi ya kawaida tungesimama karibu, kwenye miamba ya kina cha mita 15. Mwaka huu hapana. Tautogi hukaa majira ya baridi kwenye kina kirefu na kusogea pwani maji yanapopata joto. Juu maji yanaweza kuonyesha nyuzi 8 na chini bado ni 5, na samaki anaishi chini. Kwa hiyo tunakwenda kwenye meli iliyozama mita 27, tukaweke boti juu ya kichwa chake.

Namaanisha juu kabisa. Vuli, tautogi atatoka pangoni akufuate. Katika baridi hatembei hata mita tano. Nanga moja haitoshi, maana boti itayumba kama pazia. Nahodha anapita juu ya mabaki mara mbili tatu akitazama skrini, anapanda upande wa upepo, nashusha nanga ya kwanza na kulegeza amari, yaani kamba yake, hadi kama mita 90. Kisha anakata kwenda upande wa pili, nashusha ya pili. Baada ya hapo tunavuta hii na kulegeza ile mpaka tezi ikae tunapotaka. Miguu isikanyage amari iliyokunjwa, hata kwa sekunde moja. Kamba ikianza kukimbia haichagui.

Ikipita nusu saa bila kuguswa, hatung'oi nanga. Nalegeza amari moja mita tatu. Mara nyingi hiyo tu inatosha: ubavu wa kushoto ulikuwa juu ya mchanga, sasa uko juu ya chuma, na watu watano wanapinda fimbo kwa mpigo.

Saa 4. Nazunguka na ndoo na koleo, na kwa wageni narudia jambo moja. Mguso wa kwanza si wa kujibu. Ni kugonga tu, anapima. Kaza uzi, usiinue fimbo, subiri uzito. Ukihisi kama mtu ameegemea uzi, inua mara moja na uzungushe rili bila kupumzika, kwa sababu akipata mita moja ya bure anarudi pangoni na umemkosa. Nyuzi zikisokotana, aliye juu alegeze, aliye chini asivute, waniite. Wakivuta wote wawili, nitakata zote mbili.

Saa 6 mchana. Mkondo unasimama, boti inalala vingine, samaki wananyamaza kwa dakika arobaini hivi. Supu inauzika. Napima samaki walio kwenye ndoo: New Jersey mwezi Aprili ni wanne kwa mtu, kila mmoja angalau inchi 15, yaani sentimita 38. Samaki aliyepungua nusu inchi namrudisha majini mimi mwenyewe, mwenye samaki anune asinune. Tautogi hukua polepole na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Jike kubwa nashauri liachwe pia, mayai yanakaribia. Wengine hunisikiliza.

Saa 8. Nchi kavu imepata joto, bahari bado baridi, upepo wa kusini unaamka kama kila alasiri ya msimu huu. Nanga ya pili inakuwa mzigo, tunazing'oa nanga kwa winchi na kugeuza omo nyumbani. Boti isiyo na kibali maalumu hairuhusiwi kukata minofu ya samaki hawa njiani, maana afisa akipanda lazima aweze kuwapima, hivyo visu vinasubiri gati. Ngozi ya tautogi ni nene na ina utelezi. Nanoa kisu kila baada ya samaki sita na kuanzia nyuma ya kichwa, si mkiani.

Saa 10:30 jioni. Bakshishi imegawanywa. Damu inasuguliwa kabla haijakauka, rili zinapitishiwa maji baridi kidogo bila presha, kwani presha husukuma chumvi ndani ya beringi. Kaa waliobaki wanafunikwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Ya bomba yanawaua. Utabiri unasema usiku huu tutarudi chini ya sifuri, kwa hiyo nafunga bomba la gati, naichomoa hose, nainua ncha moja begani na kutembea nayo mpaka tone la mwisho litoke.