Kwa Mwendo wa Watoto

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili liko Mwanzo 33:12–17. Esau amekuja na watu 400 kumlaki ndugu yake. Wamekumbatiana, wamelia, na sasa anataka waongozane. Yakobo anakataa kwa upole: watoto bado wachanga, mifugo inanyonyesha, na wanyama wakikimbizwa hata siku moja tu watakufa wote. Tangulia, bwana wangu, mimi nitafuata polepole kwa hatua za watoto. (Wapo wanaosema alikuwa anamkwepa tu, maana Seiri, nchi ya Esau alikoahidi kumfuata, hakwenda. Huenda. Lakini hesabu yake ya mwendo ilikuwa sahihi.)

Hesabu hiyo ndiyo familia nyingi hukosea zinapopeleka watoto kwenye hifadhi yenye bonde la msitu wa mvua. Kibao cha langoni kinasema maporomoko yako kilomita mbili, mwendo wa saa moja. Saa hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu au minne, kwenye njia ya mizizi na matope, huenda kama kilomita moja kwa saa ukijumlisha na kuchuchumaa kwake. Kurudi nako huchukua muda, na sehemu kubwa atakuwa mgongoni. Tena bondeni jua hujificha nyuma ya milima mapema, na chini ya miti mirefu mwanga unaogusa ardhi ni kidogo mno hata mchana. Basi pangeni muda wa kugeuka kabla ya kuanza. Muda huo ukifika, geukeni, hata kama maporomoko yameshaanza kusikika.

Na huko kuchuchumaa kusiwaudhi. Mtoto hakuja kuona maporomoko. Amekuja kuona jongoo. Mwacheni ainame. Atahesabu miguu mpaka achoke, maana karibu kila pingili ina jozi mbili. Akimgusa, jongoo atajikunja mduara. Hapo mtoto anaweza kukaa dakika kumi, na mzazi anayesema “twende, twende” anamwondoa mbele ya kazi ya mikono ya Mungu ili akamwonyeshe nyingine iliyo mbali zaidi. Ila mwoshe mikono kabla hajafikicha macho: baadhi ya majongoo hutoa majimaji yanayowasha vibaya.

Mto ndio wa kuogopwa, kuliko nyoka. Mvua ikinyesha juu milimani, maji huweza kujaa bondeni kwa dakika chache huku juu yenu jua linawaka. Dalili ni tatu: maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, na mlio wa mto unakuwa mzito. Ukiona hata moja, shika watoto mpande juu papo hapo. Msivuke kurudi upande wa njia, subirini maji yapungue. Chini ya maporomoko yenyewe msisimame, maana mawe hudondoka pamoja na maji. Mtoto mwenye kidonda asiingie mtoni, na wote wasimeze maji: mkojo wa wanyama huacha humo vijidudu vya homa ya leptospirosisi. Mawe yenye utelezi wa kijani nayo yana somo lake. Mwenda pole hajikwai, na hapa methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo, neno kwa neno.

Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Mzizi wa kwanza tu utakizuia. Mbeleko inafaa zaidi, na mikono yako inabaki huru. Nguo za pamba zikilowa hazikauki msituni, na mtoto aliyelowa hutetemeka hata nchi za joto, kwa hiyo bebeni seti kamili ya kubadilisha ndani ya mfuko usiopitisha maji. Chagueni rangi kali, nyekundu au njano; kijani humezwa na majani hatua chache tu kutoka kwako. Losheni ya jua itangulie, dawa ya mbu ifuate, na mpake kwa mikono yako wewe. Viganja vya mtoto viruke, maana vitaishia mdomoni. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili asipakwe dawa ya mbu kabisa; mfunikeni kwa chandarua. Kabla ya kuketi kula tazameni juu: mti mkavu hudondosha matawi hata pasipo upepo.

Kila mtoto avae filimbi shingoni, na afundishwe langoni, si baadaye: ukitupoteza, kaa karibu na mti mmoja, usiondoke, piga mara tatu, pumzika, piga tena. Watoto huendelea kutembea wakitafuta wazazi, na ndiyo maana huonekana mbali na walipopotelea.

Juma hili someni sura hiyo kwa sauti pamoja na watoto, kisha waulizeni wao wangependa kusimama wapi njiani. Msisahau mstari wa 17, ambao wengi huuruka. Yakobo alipofika Sukothi alijenga nyumba, akawatengenezea mifugo vibanda. Kwenu kibanda hicho ni nguo kavu na chakula kilichoachwa kwenye gari, tayari, kabla ya mtu yeyote kuanza kulia.