Diski niliyoambiwa imekufa

Seva yangu ya nyumbani, yaani kompyuta ya kuhifadhi mafaili yetu, ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani; ninaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni. Humo zimo picha zote za familia, na rekodi za bibi akisimulia walivyokuwa wakiishi zamani. Ilipokuwa na diski moja ya nje, ile ndogo ya inchi 2.5, haikunisumbua hata siku moja. Nilipoongeza ya pili ili niwe na nakala, balaa likaanza.

Kila saa nane usiku, kazi ya kunakili ikianza tu, diski mpya inapotea. Usiku mmoja nikakesha niisikilize. Ikaanza kuzunguka, ikalia tik, ikanyamaza, ikajaribu tena, tik, kisha taa yake ikazima. Nikaangalia dmesg, kumbukumbu ya matukio ya mfumo: kifaa cha USB kimechomolewa. Na hakuna aliyekigusa!

Nikabadilisha waya, nikahamia tundu jingine, wapi. Fundi niliyempelekea akaiweka sikioni, akasema, "Dada, hii imeshakufa, tafuta nyingine." Sikuridhika. Nikaichomeka kwenye laptop na kuipima afya kwa programu ya smartctl (kwa baadhi ya diski za nje lazima uongeze -d sat, la sivyo hupati kitu). Sekta mbovu zilizohamishwa, 0. Zinazosubiri kuhamishwa, 0. Nikaiachia inakili mafaili usiku kucha, haikukatika hata mara moja. Basi diski ni nzima.

Nikarudi kwenye seva na kuandika vcgencmd get_throttled, amri inayoonyesha kama Pi inapata umeme wa kutosha. Jibu likawa 0x50005, maana yake umeme haukidhi hapo hapo, na kompyuta imeshajipunguzia kasi. Nilikuwa nimeiwasha kwa chaja ya simu ya ampea 2! Nikanunua adapta yake hasa, volti 5.1 na ampea 3, jibu likawa 0x0. Nikashangilia. Saa nane ilipofika, tik.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema: matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2, hata adapta iwe nzuri vipi. Diski ya aina hii inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1 peke yake. Mbili zikiamka pamoja, umeme hautoshi. Nikatafuta habu ya USB (kifaa cha kuongeza matundu) yenye adapta yake ya umeme, nikachomeka diski zote mbili humo. Tangu siku hiyo hazijakatika.

Lakini kulikuwa na madhara mengine. Kila diski ilipokatika na kurudi, jina ambalo mfumo huipa lilibadilika, jana sdb, leo sdc. Folda ambamo diski hufunguliwa ikabaki tupu, na nakala zikawa zinaandikwa kwenye kadi ya memori ya Pi yenyewe hadi ikajaa pomoni. Kwenye fstab, faili linaloiambia seva ifungue diski zipi na wapi, nikaacha kutumia majina hayo, nikaweka UUID ya kila diski, yaani namba yake ya utambulisho isiyobadilika, pamoja na neno nofail, ili seva iwake hata diski isipokuwepo. Kisha, diski ikiwa imechomolewa, nikaifunga ile folda tupu kwa amri ya chattr +i, ili kisiandikwe kitu humo diski isipokuwepo.

Nikaijaribu. Nikawasha seva bila diski ya pili, nikaanzisha kunakili: ikakataa papo hapo, haikuandika hata faili moja. Nikairudisha diski, nikaanzisha tena, na rekodi ya kwanza kupita ilikuwa ya bibi.