Mpangaji wa Chumba cha Juu Alivyonilia Mwaka Mzima

Januari nilianza kuandika riwaya ya upelelezi, na nilianza na jedwali la maneno ya kila siku. Nilikuwa nimeshiba ushauri wa wale wanaoandika riwaya kwa Kiingereza, wa maneno 50,000 kwa siku 30, nikapiga hesabu: 1,667 kwa siku. Nikajiambia, hata mwezi ukinishinda, mwaka si utatosha na kubaki? Kufika katikati ya Februari jedwali lilikuwa na matundu kuliko wavu, na mimi nimeshaamini kwamba kipaji sina, nina kiti tu.

Kilichoniudhi ni kugundua baadaye kwamba kipimo chenyewe hakikuwa changu. "Hatukumwambia" kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji matano. Kitenzi kimoja kimebeba mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi, halafu kompyuta inahesabu moja! Tena inakipigia mstari mwekundu. (Zima hiyo mistari. Mswada wangu ulikuwa unaonekana kama umechinjwa.) Tangu hapo nahesabu maonyesho: tukio moja likikamilika, siku imelipa. Na kuandika kila siku nimeacha. Naandika alfajiri nne kwa wiki, zilizobaki nalala, na hajafa mtu ila yule niliyemuua mwenyewe kwenye sura ya pili.

Huyo maiti ndiye aliyenitesa. Ni mwenye nyumba, kakutwa chini ya ngazi, na muuaji ni mpangaji wa chumba cha juu. Nilitaka msomaji afike karibu na mwisho hajui kama muuaji ni mwanamume au mwanamke, maana polisi wanasaka mwanamume kwa sababu tu shahidi kasema "alikuwa mrefu, ana haraka." Wenye lugha zinazotenganisha viwakilishi vya kike na kiume wangehangaika. Sisi tuna "a-" tu. Alipanda, alifungua, alikimbia: nani ajuaye? Nikaona nimepewa hila ya bure, nikacheka peke yangu.

Bure gani!

Nilimpa dada yangu rasimu ya kwanza, akarudi nayo kesho yake jioni. Hakukaa hata. "Ni mwanamke. Ukurasa wa 38, umeandika 'kabla hajaolewa.'"

Nilikaa kimya muda. Kwetu mtu anaoa au anaolewa, na kitenzi kimoja kimesema kila kitu. Ubaya ni kwamba nilikuwa nimetii ule ushauri mwingine, usirudi nyuma mpaka rasimu iishe, kwa hiyo kosa la ukurasa wa 38 lilishazaa sura nzima ya kumbukumbu za ndoa huko mbele. Yote nikatupa. Anayeandika hadithi ya upelelezi arudi nyuma kila anapohisi harufu, mimi sina la ziada.

Nikaanza kuwinda. "Kabla hajaolewa" ikawa "kabla hajafunga ndoa." Wifi nikamfukuza, maana mwenye wifi ni mwanamke; shemeji akabaki, huyo anaweza kuwa wa yeyote. Mchumba, mkwe, ndugu, mwenzi, binamu: hawa wote wanajua kutunza siri. Nilijiona bingwa mpaka nilipofika kwenye salamu. Nyumba ina wapangaji saba, wanakutana kwenye ngazi asubuhi na jioni, na mtu mzima humpiti hivi hivi kama nguzo. Lazima umwite kitu. Bwana? Bibi? Kaka? Mama? Kila heshima ilikuwa inanifunulia muuaji. Nilijaribu kumfanya mkali asiyesalimiwa na mtu. Sura tatu baadaye kila msomaji angemshuku. Nikajaribu "ndugu," mazungumzo ya ngazini yakawa kama mkutano wa hadhara.

Wiki nzima, labda mbili, nimekwama hapo. Halafu nikiwa naanika nguo likanijia: mstaafu wa ualimu. "Shikamoo Mwalimu." Basi! Watoto wanamwita Mwalimu, wazee wanamwita Mwalimu, mpelelezi mwenyewe anamwita Mwalimu huku anampisha apite. Na faida ikaja juu ya faida, kwa sababu anayesahihisha daftari za watoto wa nyumba nzima ana kalamu nyekundu, na kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Sikupanga hayo, ila watu wakiniuliza nitasema nilipanga.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya masikio. Nilijirekodi nikisoma mswada wote kwenye simu, nimejifunika shuka kichwani ili sauti isirudi, nikawa nasikiliza nikiosha vyombo. Sehemu ambazo nilijikuta nimemaliza sufuria bila kujua kilichosemwa, nilizifuta. Huko ndiko nilikoisikia -ka- yangu: akainuka akachukua ufunguo akapanda akasimama akasikiliza. Kwa macho sikuwa nimeiona, kwa masikio ni treni. Ukurasa mmoja nilihesabu 31. Nyingine nikazigeuza -ki-, nyingine nikaziwekea nukta, na mara nyingi nilikuta Mwalimu hana haja ya kuinuka kabisa. Maneno 90,000 na ushei yakashuka mpaka 61,000. Kuchapa nakala za wasomaji watatu kulinitoa fedha ambayo sikuiandika popote kwa makusudi, na wawili kati yao mpaka leo "bado wanasoma."

Dada yangu alisoma tena mwezi wa Novemba. Safari hii alikaa na mswada siku sita, akapiga simu usiku akauliza, "Sasa huyu Mwalimu ni nani?" Nikakata simu kwa raha zangu.

Limebaki jalada. Mchoraji anataka kujua amchore vipi muuaji: nywele, mavazi, mabega. Nimemwambia achore mlango wa chumba cha juu.