Feliki Alingoja Bahasha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu usiku kijana wetu mmoja wa hapa Masasi alinitumia ujumbe ambao umeninyima raha wiki nzima. Wengi mnamfahamu kwa kazi yake. Anafunga intaneti majumbani na kwenye nyumba za wageni, anapanda juu ya bati na waya zake, na kipindi hiki cha kupuliza mikorosho anashuka nywele zimejaa vumbi la salfa la mashamba ya jirani. Sasa anataka kazi yake isajiliwe, alipe kodi kama watu, apate kibali. Karatasi ziko mezani kwa mtu tangu Pasaka. Huyo mtu amemwambia awe na moyo wa shukrani. Na wenzake wa kundi la maombi, waliookoka, wenye Biblia kwenye simu, wamemshauri atoe tu hicho kidogo, aliite sadaka ya kufungua mlango.

Wanangu, nani aliwafundisha maneno hayo? Rushwa mmeivika kanzu nyeupe, mmeiingiza kanisani, mnaipigia vigelegele.

Kilichozidi kuniuma ni kwamba siku ileile kundi lilelile lilikuwa linasambaza picha ya Strive Masiyiwa, yule tajiri wa simu wa Zimbabwe, chini yake pameandikwa "bilionea mcha Mungu". Watu wamejibu "Amina, napokea" mpaka simu yangu ikaisha chaji. Mnapokea nini? Habari za mtu huyo mmezisoma, au mmeona suti?

Mimi nimezisoma. Alizaliwa mwaka 1961, nchi ikiitwa bado Rhodesia. Wazazi wake waliondoka naye akiwa mdogo wakahamia Zambia, na alipofika miaka 12 akapelekwa shule Scotland. Akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Wales, akamaliza 1983, mwaka uliofuata akarudi nyumbani kuajiriwa na shirika la serikali la posta na simu. Hakukaa sana. Mwaka 1986 akafungua kampuni yake ya ufundi wa umeme, Retrofit. Inasimuliwa kwamba mtaji ulikuwa kama dola 75, na hapo ndipo vijana wangu wanapopapenda. Wanaishika hiyo dola 75, wanaruka nayo moja kwa moja mpaka kwenye mabilioni.

Katikati hapo ndipo penye somo. Mwaka 1993 aliona simu za mkononi zinakuja, akawaendea waajiri wake wa zamani ili waifanye kazi hiyo pamoja. Wakakataa. Akasema basi ataifanya mwenyewe, wakamjibu kwamba kwa sheria ni wao peke yao wanaoruhusiwa kuendesha simu. Akaenda mahakamani, na hoja yake naipenda mpaka leo: katiba inampa mtu uhuru wa kutoa na kupokea habari. Sasa kama shirika moja limeshikilia simu zote za nchi, na watu wengi hawajawahi hata kuishika hiyo simu, uhuru huo unatumika wapi? Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikamkubalia.

Ingekuwa ushuhuda wetu wa Jumapili, hapo tungepiga makofi tukaketi. Lakini mwanzoni mwa 1996 Rais Mugabe akatoa amri kwa mamlaka yake ya urais: atakayeendesha simu za mkononi bila leseni ya serikali anafungwa. Leseni ikapelekwa kwenye zabuni, ikaangukia kwa wengine. Akarudi mahakamani tena. Retrofit, iliyokuwa ikiishi kwa kazi za serikali, ikakauka, naye akafika ukingoni mwa kufilisika. Leseni aliipata mwishoni mwa 1997, na Julai 1998 kampuni yake ya simu, Econet, ikaunganisha mteja wake wa kwanza.

Na mwaka huohuo wa 1996, wa amri na vitisho, yeye na mkewe Tsitsi walianzisha mfuko wa kusomesha yatima, wakauita Capernaum Trust, kwa jina la Kapernaumu ya Injili. Hawakungoja leseni ndipo watoe. Sadaka ya kufungua mlango, kama lazima muwe nayo, ifanane na hiyo.

Sasa fungueni Matendo 24. Tunaisoma haraka kwa sababu tunataka kufika kwenye meli na dhoruba, lakini kuna watu wa Mungu wanaoishi humo ndani ya sura hiyo miaka na miaka. Paulo yuko Kaisaria mbele ya liwali Feliki. Katika kujitetea anataja kwamba alikuja Yerusalemu kuwaletea watu wa taifa lake sadaka. Mimi huwa naona kama masikio ya Feliki yalisimama hapo hapo. Sadaka? Huyu mfungwa ana njia ya kupata fedha! Tangu siku hiyo anamwita mara kwa mara, anazungumza naye, anasikiliza habari za imani, na Luka anatuambia waziwazi kwa nini: alitumaini Paulo atampa fedha. Kila mazungumzo yanaishia palepale, nenda kwanza, nikipata nafasi nitakuita. Sisi wa Mtwara tunaijua hiyo. Kwetu inaitwa "njoo wiki ijayo".

Na Paulo angeweza kulipa. Lisemeni hilo ndani ya mioyo yenu taratibu. Rafiki zake walikuwa wameruhusiwa kumhudumia. Filipo mhubiri wa Injili alikuwa na nyumba mjini humo humo. Mchango mmoja wa ndugu wa Kaisaria, bahasha moja jioni, na mtume yuko huru, anahubiri, anaanzisha makanisa. Hoja za kiroho zilikuwepo tele. Kazi ya Bwana inachelewa! Roho za watu zinapotea! Angekuwa mmoja wenu angeshaambiwa atoe, Mungu anaelewa. Paulo akakaa miaka miwili. Feliki akahamishwa, na alipoondoka akamwacha kifungoni.

Ila angalieni kitu kingine. Hakukaa miaka hiyo amekunja mikono akisema Bwana atatenda. Alipokuja liwali mpya, Festo, Paulo alisimama kwenye haki yake ya uraia wa Rumi akakata rufani kwa Kaisari. Yule mjane wa Luka 18 naye tunamsoma vibaya. Tunamfanya mwalimu wa kukesha tu, wakati maandiko yanasema alikuwa akimwendea-endea yule kadhi. Miguu yake ilikuwa barabarani. Nipatie haki na adui wangu. Hakubeba kuku wala bahasha. Alibeba shauri lake.

Vijana wengi tunaowalea wanajua kuomba na wanajua kulipa. Hapo katikati, pa kuandika barua, kuuliza, kurudi, kukata rufani, kukaa kwenye benchi bila kukunja uso, hatujawafundisha, na nadhani kosa hilo ni la mimbari zetu. Tunafunga siku tatu kwa ajili ya kibali, halafu hakuna hata mmoja anayemsindikiza kijana ofisini.

Tena sitaki mdanganyike kwamba kukataa kunalipa kila mara. Mwaka 2001 Econet ilizindua mtandao Nigeria. Masiyiwa mwenyewe amesimulia kwamba alidaiwa mamilioni ya dola yaende mifukoni mwa wakubwa, akakataa, akatolewa nje ya biashara aliyoijenga. Mtandao ule ukaitwa Vmobile, ukawa Celtel, ukawa Zain, sasa ni Airtel. Majina hayo matatu ya mwisho sisi pia tumeyaona yakipakwa rangi moja juu ya nyingine kwenye vibanda vya stendi. Kesi ikamla miaka. Na nyumbani kwao Zimbabwe aliondoka mwaka 2000, akahamia Afrika Kusini, baadaye London. Ndiyo, alifanikiwa kwingine: EcoCash, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ya mwaka 2011, nyaya za intaneti za kampuni yake ya Liquid zilizokatiza nchi nyingi za Afrika na zilizofika hata kwetu pale Liquid ilipoinunua kampuni ya intaneti ya Raha mwaka 2017, kazi ya kuitafutia Afrika vifaa na chanjo wakati wa Uviko. Sijamfanya mtakatifu. Tajiri ni tajiri, na yule ngamia na tundu la sindano bado wamo kwenye Biblia yangu. Lakini mtu akisema alikataa na akapoteza, huyo namsikiliza kuliko anayesema alipanda mbegu Ijumaa akavuna Jumatatu.

Na mimi ni mjane, mnajua. Mume wangu, mwalimu, alipofariki aliniacha na watoto na mafao yake yakiwa kwenye ofisi moja mjini Mtwara, ambayo sitaitaja. Nilikuwa napanda basi la alfajiri hapa Masasi, Ndanda, Mtama, Mnazi Mmoja, tukifika Mikindani jua limeshapanda juu ya maji na tumbo halina kitu. Mfukoni mwa rambo nimebeba cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, vyote na nakala zake. Naambiwa faili halionekani. Naambiwa mhusika yuko semina. Siku moja mhusika yupo, kijana nadhifu, ana umri wa kuwa mwanangu. Akapekua makaratasi yangu, akavuta droo ya meza, akaiacha wazi, akaegemea kiti akaangalia dirishani.

Nilijua ile droo inataka nini. Nauli ya kurudi ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamwambia, "Mwanangu, droo yako imebaki wazi, nzi wataingia." Akaifunga. Mama mmoja kwenye benchi alicheka mpaka akatoka nje.

Faili halikuonekana siku hiyo, msidhani. Lakini kuanzia pale nilibadili mwendo. Mwalimu mstaafu mmoja, Mwislamu, Mungu ambariki, alinifundisha kuandika barua yenye kumbukumbu namba, nakala iende kwa mkuu wa ofisi, na nakala yangu nisiondoke nayo mpaka igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Nikawa naandika na jina la kila aliyenihudumia. Usiku naomba, asubuhi naandika. Nilikuwa namwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Pesa ilitoka hatimaye, na ilipotoka mwanangu wa kwanza alikuwa ameshaacha shule kwa kukosa ada, yuko Dar es Salaam anasukuma mkokoteni. Hakurudi shuleni. Nikimwona nauona ule muhuri. Mtu akiniuliza kama ningetoa ile nauli kwenye droo ili mtoto asome, namjibu kwamba swali hilo nimemwachia Bwana, na bado sikuitoa.

Kwa hiyo, kijana wangu, sikuombei mlango ufunguke kimiujiza uendelee kulala. Andika barua. Omba ujibiwe kwa maandishi, uambiwe kinachopungua. Ukidaiwa tena, ofisi ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ipo hapa hapa wilayani, na namba yao 113 haikukati salio. Ukinihitaji nitakuja kukaa nawe kwenye benchi, nimelizoea.

Lakini nimezungumza na walioko kwenye benchi kwa muda mrefu mno, na wale wa upande wa pili wa meza wananisoma wametulia kama vile haiwahusu. Ninyi mnaimba sauti ya tatu. Ninyi mnasoma masomo Jumapili, mnahesabu sadaka, mnasimamia ujenzi wa kanisa, na mchango wenu huwa mkubwa kuliko mshahara wenu, nasi tunajifanya hatujui kuhesabu. Rudini Matendo 24:25. Paulo alipozungumza juu ya haki, na kuwa na kiasi, na hukumu itakayokuja, Feliki aliogopa. Aliogopa kweli! Neno lilimgusa. Angekuwa kanisani kwetu tungemwona analia tukasema amefunguliwa. Na baadaye akamwita Paulo tena na tena, anangoja fedha ileile.

Mimi machozi yenu ya Jumapili siyahitaji. Nawaomba kitu kimoja. Kesho ukifika kazini, kabla ya chai ya saa nne, usianze na faili la juu. Vuta lile la chini kabisa la rundo, la yule aliyekuja mara nyingi na hakuacha kitu, ukalisukuma chini kwa sababu hiyo. Lisome. Kama linapungukiwa na karatasi, mpigie simu umwambie ni karatasi gani. Kama halipungukiwi, weka sahihi, gonga muhuri, umwite aje kuchukua.