Aliyevaa Soli za Viatu: Asubuhi Moja Kusini mwa Chicago

Basi namba 3 lilinishusha Barabara ya King, karibu na mtaa wa 26, mnamo saa tatu asubuhi. Ilikuwa Oktoba na upepo wa Ziwa Michigan ulikuwa unauma masikio. Nilikuja kwa ajili ya sanamu moja tu. Kwa mbali nilidhani yule mtu wa shaba amevaa magamba ya samaki. Niliposogea ndipo nikaona ni soli za viatu: soli kifuani, soli mabegani, soli mpaka mikononi, nyingine zimeliwa na njia hadi zikatoboka. Hata anaposimama ni juu ya lundo la soli. Mkono mmoja ameuinua, mwingine umeshika sanduku lililofungwa kamba, na uso ameuelekeza kaskazini.

Aliichonga Alison Saar mwaka 1996, kuwakumbuka Wamarekani Weusi waliohama majimbo ya Kusini mwa Marekani kuja huku. Mwaka 1910 walikuwa kama 44,000 mjini Chicago. Miaka kumi baadaye wakafika kama 109,000. Kule Mississippi na Louisiana walilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mwaka ukiisha wanaambiwa bado wanadaiwa. Ukibisha, unaweza kunyongwa mtini bila kesi. Wakati huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekata wahamiaji kutoka ng'ambo, na machinjio makubwa ya Chicago yalitafuta watu wa kazi. Habari zilifika kwa gazeti la Chicago Defender, alilolianzisha Robert Abbott mwaka 1905. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya treni ya Pullman walishuka nalo Kusini, likasomwa kwa sauti kwenye vinyozi na makanisani. Nawaheshimu sana wahudumu wale. Kutwa wanatandika vitanda vya wenye fedha, na huku wanasafirisha habari za ukombozi.

Kituoni alikaa bibi mmoja mwenye kofia ya sufu ya zambarau. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akanisogezea nafasi.

"Mama yangu alikuja na treni kutoka Mississippi," alisema. "Alibeba kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha ndani ya boksi la viatu. Behewa la chakula halikuwa la watu kama sisi, mwanangu."

Viatu tena. Nilitazama tena ile sanamu, nikashindwa kusema neno.

Akanisimulia walivyoishi. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ilikatwakatwa, kila chumba familia yake, choo kimoja kwa ghorofa nzima, na kodi juu. Wangehamia wapi? Mitaa ya jirani, hati za nyumba ziliandikwa wazi kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asipangishwe. Ni mwaka 1948 tu Mahakama Kuu ya Marekani iliposema mahakama zisiendelee kutekeleza masharti hayo. Ndani ya kijisehemu chembamba walimobanwa, kiitwacho Bronzeville, watu walifungua benki, magazeti, kumbi za muziki. Nikiwaza wamebanwa vile na bado wakajenga hayo yote, moyo wangu unajaa.

"Usiondoke bila kwenda ziwani, pale mtaa wa 29," aliniambia basi lake lilipofika.

Nilikwenda kwa miguu. Karibu na hapo, tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa majini na wenzake juu ya boya la mbao. Likaelea hadi upande ambao wazungu waliuhesabu kuwa wao. Hapakuwa na ukuta wala kamba. Mpaka ulikuwa vichwani mwa watu. Mzungu mmoja akawarushia mawe, kijana akazama. Polisi aliyekuwepo akakataa kumkamata aliyeshutumiwa. Ghasia zikawaka karibu wiki nzima, wakafa watu 38, weusi 23 na wazungu 15, na familia nyingi nyeusi zikachomewa nyumba.

Kumbukumbu yenyewe ni jiwe na bamba, karibu na njia ya baiskeli. Ni ndogo mno kwa jambo lile, na hilo liliniudhi. Majani makavu yalikuwa yamegandia kwenye bamba. Niliyabandua moja moja kwa kidole, nikalitaja jina la kijana yule kwa sauti, nikasimama pale mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi.