Siku moja maishani mwangu: mama lishe wa Tandika, siku ya kumuaga Mwananchi mwenzangu

Saa 10 alfajiri

Unga niliukanda usiku na umeumuka vizuri, umesukuma kifuniko cha ndoo. Kazi ya kwanza ni kukata maandazi, kubandika karai la mafuta na kuinjika maharage jiko la pili. Habari ya msiba ninayo tangu usiku. Kijana wa tawi letu la Yanga, sisi tunaoitwa Wananchi, aliandika kwenye kundi: "Wananchi, Babu wa kahawa katutoka. Taarifa za maziko tutapeana."

Najua wapo watakaoniuliza, umefiwa na mtu wako halafu unachoma maandazi? Ndiyo, nachoma. Mafundi wa saiti nyuma ya soko wameshanilipa chakula cha wiki nzima, na fundi aliyebeba zege tangu asubuhi njaa yake haijui kama kuna msiba mtaani. Isitoshe, Babu mwenyewe hakuwa mtu wa kufunga biashara. Mei 2012 Simba walitupiga tano bila, na kesho yake alfajiri alikuwa kijiweni kama kawaida, dele la kahawa mkononi. Wateja wa Simba walisema kahawa ya siku ile ilikuwa chungu kuliko kawaida. Yeye akasema uchungu wanao wenyewe mdomoni, wakapige mswaki.

Saa 12 asubuhi

Spika ya msikiti imetangaza: mazishi leo baada ya swala ya alasiri. Wanamsubiri mdogo wake anayetoka Ikwiriri na basi la asubuhi.

Saa kama hizi Babu huwa ameshafika na koleo lake na kopo la bati. Tangu nianze biashara hapa sijamwona akiwasha mkaa wake kuanzia mwanzo. Alikuwa anaokota makaa yaliyokolea jikoni kwangu, anaweka chini ya dele, halafu ananilipa kikombe kimoja na kashata. Nikimwambia mkaa umepanda bei, ananiambia na kashata imepanda, tumetoka sare.

Kijiwe chake kiko chini ya mti wa mkungu, hatua chache kutoka bandani kwangu. Mabenchi mawili. La kulia la Yanga, la kushoto la Simba, na mgeni asiyejua akikaa popote anaulizwa kwanza yeye ni wa wapi. Leo watu wamekuja wakakaa vilevile, kila mmoja benchi lake, kahawa hakuna. Wengine wamechukua chai kwangu na kwenda kuinywea kule.

Saa 2 asubuhi

Wateja wa chai wamepungua, nachambua mchele. Hapa ndipo nimwelezee, maana baadaye nitakuwa na shughuli.

Babu alikuwa mtu wa Rufiji aliyekuja Dar es Salaam kijana. Alikuwa na hesabu zake za miaka. Mwaka 1968 Yanga ilimfunga Simba tano bila, wakati ule Simba bado anaitwa Sunderland, na Babu alisimulia mechi ile kama iliyochezwa jana jioni. Mwaka 1977 haukuwepo kwenye kalenda yake. Ndiyo mwaka tuliofungwa na Simba sita bila, Kibadeni peke yake akatia tatu. Ukiutaja tu, Babu anakumbuka kwamba maji yanachemka, ananyanyuka.

Uwanjani tulikuwa tunakwenda pamoja, kwa miguu kutoka hapa Tandika, tunakaa jukwaa la mzunguko. Mechi saa kumi na moja, yeye saa sita ameshavaa. Jezi yake ya njano ilikuwa imepauka hadi inakaribia nyeupe, nikimtania kwamba inaelekea Msimbazi kwa Simba ananuna njia nzima. Mkononi ana redio ndogo ya betri, ameifunga mpira wa baiskeli ili mfuniko usidondoke. Redio mpirani, jamani! Mpira uko mbele ya macho yake, lakini bao haliamini mpaka mtangazaji aseme.

Na penati haangalii. Yanga tukipata penati anageuka, anatazama watu wa nyuma yetu, mimi ndiye ninayemwambia. Juni 3, 2023, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kule Algiers, tulikuwa kibanda umiza, watu wamebanana hadi nje. Djuma Shabani anaweka mpira chini. Babu kageukia ukuta. "Mwanangu, limeingia?" Limeingia, Babu. Tukashinda moja bila, na kombe hatukupata, maana hapa Uwanja wa Mkapa USM Alger walishatufunga mbili kwa moja. Jumla mbili mbili, wao wakabeba kwa bao la ugenini. Sheria hiyo Babu hakuikubali mpaka amekufa. "Mbili na mbili ni sawa sokoni, ni sawa msikitini, kwa nini isiwe sawa Algeria?" Nami mpaka leo sina jibu la kumpa.

Alikuwa na msemo kuhusu Rais Mkapa: kamfanyia makubwa mawili, daraja la Rufiji la kwendea kwao na uwanja wa kwendea kuugua presha.

Saa 5 asubuhi

Wali nimeupalia mapema, maharage nimeyaunga kwa nazi, mchicha juu. Nimepeleka saiti kwenye ndoo mbili. Msimamizi kanuna kwa nini chakula kimewahi. Nikamwambia kuna mazishi, akauliza ya nani, nikasema ya Mwananchi. "Poleni," akasema, halafu akaongeza, "mimi Mnyama lakini." Hata saiti Simba wapo!

Saa 6 mchana

Nimefunga banda, nimejitanda kanga, nimebeba sufuria langu kubwa na miiko miwili. Turubai limeshafungwa uwani, viti vya kukodi vimepangwa, mzee mmoja ana daftari la rambirambi. Wanaume nje, wanawake ndani kwenye mikeka. Nimeingia kumpa Bibi mkono, tukalia kidogo, nikatoka kwenda mafigani kwa sababu huko ndiko ninakofaa.

Na huko nikakuta miiko imeshatekwa. Wanawake wa tawi la Simba la mtaa wa pili wamefika zamani, wamewasha kuni, wanakatakata vitunguu. Mkubwa wao kanitazama juu mpaka chini. "Mfiwa kakae. Leo jiko letu." Nikasema mimi ni mpishi, hii ndiyo kazi yangu. "Wewe ni mpishi wa maharage. Pilau tuachie." Watu wakacheka, nami nikacheka, wakanipa vitunguu saumu nimenye.

Siku hizi vijana wanadhani utani wa jadi ni kutukanana mitandaoni, kuitana makolo na utopolo mpaka wenyewe wanasahau kilichowagombanisha. Huku kwetu mtani ana kazi. Kwenye msiba ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepasua kuni, na ana ruhusa ya kusema kuhusu marehemu mambo ambayo mwanawe hawezi kuyasema. Asubuhi hiyo waliokwenda kuchimba kaburi la Babu walikuwa watu wa benchi la kushoto. Vijana wetu wa Yanga walikuwa bado wanabishana bendera.

Saa 8 mchana

Hiyo bendera ilileta maneno. Vijana wa tawi walitaka wafunike nayo jeneza. Wameifua, wameipiga pasi, kijani na njano inang'aa. Sheikh kakataa kwa upole: "Bendera yenu nzuri, wanangu, lakini marehemu hapelekwi klabuni Jangwani." Mmoja akaanza kubisha, wakubwa wakamvuta pembeni.

Jeneza la msikiti likaletwa, na shuka yake juu. Nadhani wote tuliiona kwa wakati mmoja. Shuka ya kijani, aya zimetariziwa kwa uzi wa njano. Vijana wakatazamana, kimya, yule aliyekuwa anabisha akaikunja bendera yake mwenyewe na kuikwapa. Ndipo jirani yetu fundi baiskeli, Simba wa damu, amefika moja kwa moja kutoka makaburini na udongo miguuni, akapaza sauti: "Sheikh, hiyo rangi sisi hatubebi. Msikitini hamna nyekundu?" Sheikh akainama kuficha uso. Nilikuwa mlangoni, nilimwona anacheka.

Saa 9 alasiri

Babu ameshaoshwa, ameshakafiniwa. Kabla ya kutoka, mdogo wake wa Ikwiriri akasimama kusema yale yanayosemwa: kama kuna mtu anamdai marehemu aje kwa familia, na kama kuna ambaye marehemu alikuwa anamdai, naye ajitokeze.

Fundi baiskeli akasimama. Akasema yeye anadaiwa. Kila Yanga ikishinda alikuwa anakunywa kahawa halipi, anasema amefiwa, na Babu anaandika kwa mkaa kwenye mti. Akatoa noti mfukoni, akazihesabu mbele ya watu, akampa mdogo wa marehemu. Tukadhani amemaliza.

"Na sisi tunamdai," akasema. "Mabao sita, mwaka 1977. Novemba 2023 amelipa matano, nakiri mbele yenu, tuliyapokea kwa machozi. Limebaki moja. Hilo moja, sisi watani zake, tumemsamehe."

Uwanja mzima uliangua kicheko, kisha watu wazima wakaanza kujifuta macho kwa kanzu. Kutoka ndani, upande wa wanawake, shangazi mmoja akajibu kwa sauti: "Na yale ya 1968 nani kawasamehe?" Fundi akasema hayo yalifungwa Sunderland, wakadai huko huko.

Wakalinyanyua jeneza. Mbele, bega la kulia, alikuwa fundi.

Saa 10 jioni

Wanaume wamekwenda, kwanza msikitini kumswalia, kisha makaburini. Sisi wanawake tukafika mwisho wa uchochoro tukarudi. Ndivyo ilivyo kwetu na sina la kugombana, ila nitasema kweli, miguu ilitaka kwenda. Mtu niliyekwenda naye uwanjani kwenye jua la saa saba, nikasukumwa naye getini, leo safari yake fupi kuliko zote naishia uchochoroni.

Nimekaa na Bibi. Wengi hamjui kwamba Bibi ni Simba. Tena kadi yake ya uanachama ameitunza kwenye sanduku moja na cheti cha ndoa. Amekaa kwenye godoro, ameanza eda, ametulia. Akaniambia nifungue kabati nimtolee ile jezi. Nikaitoa, imekunjwa, kwapani imetiwa kiraka cha kitambaa kisichofanana. Kiraka chekundu.

"Nilimtilia mwenyewe, mwaka juzi," Bibi akasema. "Hakujua. Alikuwa anainua mikono kushangilia, wenzangu nyuma yake wanakiona."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, katikati ya msiba. Maana mimi nilikaa pembeni yake mechi zote hizo sikukiona. Bibi akauliza eda yake itaisha lini, tukahesabu, miezi minne na siku kumi. "Ikiisha unipeleke uwanjani nikaione hiyo Yanga iliyokuwa inaninyima usingizi. Lakini nitakaa upande wetu."

Saa 12 jioni

Wanaume wamerudi, wameosha mikono, pilau imeliwa. Lazima niseme, ingawa kwa shingo upande: pilau ya wale wanawake wa Simba ilikuwa imeiva sawasawa, mchele umechambuka, nyama laini. Wenyewe sijawaambia.

Kijana wa tawi kanisimulia ya makaburini nilivyomwomba. Kwamba mchanga ni mzuri, haukubomoka. Kwamba talakini ilisomwa polepole. Kwamba watu walikuwa wengi mpaka barabara, na kila mtu alitupa viganja vyake vitatu vya udongo, wa kulia na wa kushoto wakipishana. Redio je? Nilikuwa nimemuuliza hilo. Redio amebaki nayo mjukuu wake, na betri zake bado zina nguvu.

Hitima ni keshokutwa. Nimepangiwa mimi kupika, safari hii hakuna wa kuninyang'anya mwiko. Wale wenzetu watatoa mchele.

Saa 2 usiku

Nimerudi bandani kuloweka maharage ya kesho na kukanda unga. Taa nimewasha moja tu, sikuwa nauza. Fundi baiskeli akatokea, amechoka, amekaa kwenye benchi langu badala ya lake kule chini ya mti. Pilau hakuikuta, alikuwa bado makaburini anarudisha majembe. Nikampashia chapati mbili zilizobaki na maharage.

Akala. Akajipapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto, wa shati. Hela yote kampa mdogo wa Babu mbele za watu.

"Mama, niandike."

Nikamwandika. Akauliza kama kuna samaki wa kukaanga. Nikamwambia wapo, ila samaki sikopeshi.