Kuchagua Prosesa ya Bei Nafuu kwa Kompyuta ya Gemu Yenye Soketi ya AM4

Mwenye kompyuta ya gemu iliyojengwa juu ya ubao mama wa AMD kati ya 2017 na 2020 ana bahati ambayo wengi hawaitambui. Soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye ubao huo, imepokea prosesa za Ryzen kuanzia zile za kwanza za Machi 2017 hadi Ryzen 7 5700X3D iliyotoka Januari 2024 na nyingine zilizofuata, kwa hiyo mara nyingi anaweza kuchomoa prosesa kuukuu, akachomeka mpya, na kuacha RAM, pawa saplai na kasha kama vilivyokuwa. Kwa Intel wa miaka hiyo hiyo mambo yalikuwa magumu zaidi: prosesa za kizazi cha 8 zilitumia soketi yenye jina lile lile la LGA 1151, lakini hazikukubaliwa rasmi kwenye mbao za kizazi cha 6 na cha 7. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, ubao alio nao ndio unaoamua karibu kila kitu, na anayeuliza prosesa ipi ni nzuri kabla ya kuutazama ubao wake hujikuta ananunua vitu vitatu, yaani prosesa, ubao na RAM, badala ya kimoja.

Kompyuta yangu ina ubao wa B450 wenye soketi hiyo ya AM4, RAM ya DDR4 yenye GB 16 na kadi ya grafiki ya Radeon RX 6600, na hadi majuzi ilikuwa ikiendeshwa na Ryzen 5 2600 ya 2018, yenye kore 6 (viini vinavyofanya kazi) na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayoweza kwenda kwa pamoja). Ukihesabu kore peke yake, utadhani prosesa hiyo bado inatosha. Gemu za leo, hata hivyo, huelekeza sehemu nzito ya kazi yake kwenye uzi mmoja au miwili, na hapo ndipo Ryzen za zamani huelemewa.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anayechelewesha ni prosesa kweli, kwa sababu kadi dhaifu haiponywi na prosesa mpya. Nilifungua gemu yenye mji uliojaa watu na magari, nikaonyesha takwimu za matumizi pembeni mwa skrini, kisha nikashusha ubora wa picha na idadi ya pikseli hadi chini kabisa. Kama kadi ndiyo iliyokuwa inalemewa, fremu (picha zinazoonyeshwa kila sekunde) zingepanda mara moja. Hazikupanda, kilichobadilika ni kwamba kadi ilianza kukaa bila kazi ya kutosha, ikiisubiri prosesa. Msomaji atakayejaribu asidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa inayoonyeshwa na Windows: prosesa ya nyuzi 12 inaweza kusoma asilimia 40 huku uzi mmoja unaobeba gemu ukiwa umefika mwisho. Tazama kila uzi peke yake. Tazama pia fremu za polepole kuliko zote na si wastani tu, kwa kuwa kule kukwama kwa ghafla unapokata kona kwa gari hakuonekani kwenye wastani.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ingia kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) uangalie mwendo wa RAM. Kompyuta nyingi zimefungwa RAM ya 3200 ambayo inakimbia kwa 2400 au 2666, kwa sababu tu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi yake iliyoandikwa, na kwenye Ryzen kasi ya njia ya mawasiliano ndani ya prosesa kwa kawaida huenda sambamba na kasi ya RAM. Kipande kimoja cha GB 16 nacho ni hasara kikilinganishwa na viwili vya GB 8, kwa kuwa kimoja hutumia njia moja tu kati ya mbili zilizopo. Wapo watakaoishia hapa, wakatosheka, na fedha zao zikabaki mfukoni.

Kwa sisi ambao hatukutosheka, uchaguzi wa bei nafuu ulikuwa kati ya Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600, zote za Aprili 2022, zote zenye kore 6 na nyuzi 12, zote za wati 65, na zote zikija na feni yake ndani ya boksi. Bei rasmi zilipotangazwa zilikuwa dola 159 na dola 199, na tofauti hiyo ndogo ndiyo huwavuta wengi kwenye 5500. Ukisoma maelezo ya dukani utaambiwa kwamba 5600 ina PCIe 4.0 (toleo la njia inayounganisha kadi na prosesa) na mwenzake ana 3.0. Maelezo hayo ni ya kweli, ila kwa mwenye B450 hayana uzito wowote, maana nafasi ya kadi kwenye ubao huo ni ya 3.0 hata uweke prosesa gani. Tofauti yenye maana ni kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa: 5600 ina MB 32 za kache ya ngazi ya tatu, na 5500 ina MB 16. Gemu huchota data ndogondogo bila mpangilio, na kila isipoikuta kwenye kache hulazimika kuifuata kwenye RAM, ambako ni mbali zaidi. Zaidi ya hapo, kwenye 5600 kore zote hushiriki kache hiyo moja, ilhali kwenye 2600 kore zimegawanywa makundi mawili ya tatu tatu, kila kundi na MB 8 zake, na data ikihitajika upande wa pili inabidi ivushwe. AMD yenyewe ilitangaza kwamba usanifu wa Zen 3, ambao ndio wa 5600, hufanya kazi zaidi kwa asilimia 19 katika kila mzunguko kuliko Zen 2 uliotangulia, na 2600 ni ya kabla hata ya Zen 2. Nilichukua 5600. Ile 5500 ningeichukua tu kama bei ingeachana sana, au kama kadi yangu ingekuwa ya zamani kiasi kwamba isingeona tofauti.

Ryzen 7 5700X3D ina MB 96 za kache, na kwenye gemu hakuna ubishi kwamba inaishinda 5600. Ilitangazwa kwa dola 249, haina feni, na imepangiwa wati 105. Kwa RX 6600 ni anasa. Mwenye kadi kubwa zaidi, au anayecheza Counter-Strike 2 kwa skrini ya 240Hz (inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde), aifikirie. Kuhamia AM5, soketi ya AMD iliyofuata, sikukufikiria sana: ni ubao mpya na RAM ya DDR5, na bei ya RAM ilivyopanda kuanzia mwishoni mwa 2025 inamaliza mjadala. Core i5-12400F ya Intel ni prosesa nzuri pia, lakini nayo inadai ubao wake.

Ukinunua iliyotumika, igeuze uhesabu safu za pini kwa tochi ya simu, kwa sababu prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake na moja iliyopinda inatosha kuifanya kompyuta isiwake. Omba kuiona ikifanya kazi, na jina lililochorwa juu lifanane na linaloonyeshwa na programu ya CPU-Z.

Kazi ya kufunga huanza na BIOS, tena prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, kwa kuwa toleo la zamani la B450 halitaitambua 5600. Pakua faili kutoka ukurasa wa ubao wako hasa, liweke kwenye flashi, na uunganishe UPS kwanza. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili, unaweza kubaki na ubao usiowaka. Baada ya hapo endesha gemu kidogo ili prosesa ipate joto, zima, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ikikauka hushika kwa nguvu, na anayevuta moja kwa moja huitoa prosesa pamoja na feni kwenye soketi ikiwa bado imefungwa, huku pini zikipinda.

Ukiwasha mara ya kwanza unaweza kukutana na ujumbe wa fTPM (sehemu inayohifadhi funguo za usalama) unaokutaka ubonyeze Y au N. Ukibonyeza Y, funguo za zamani zinafutwa, na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa diski wa Windows), Windows itakuomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uandike mahali pengine kabla hujagusa bisibisi.